Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzuru Ikulu za Watemi na Mahali pa Kale Tabora

Maswali haya yametokana na miaka ya kuwapokea wageni wanaoshuka kwenye treni ya reli ya kati, au kwenye mabasi ya Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma, wakiwa na hamu ya kuona mahali walipokaa watemi, yaani machifu wa jadi, wa Unyanyembe. Baadhi yanajibika kwa sentensi mbili, na mengine yanadai subira ya msomaji. Yaliyo muhimu zaidi yamepewa nafasi kubwa zaidi, hata kama si hayo yanayoulizwa kwanza.

Je, Tabora iliwahi kuwa mji mkuu?

Ndiyo, na zaidi ya mara moja. Kwanza, eneo hili lilikuwa moyo wa Unyanyembe, utemi wenye nguvu kubwa miongoni mwa temi za Wanyamwezi katika karne ya 19, na makao ya mtemi yalikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali ambapo leo kuna stendi na soko. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga makazi yao ya Kazeh jirani na makao hayo, kwa idhini ya mtemi, kwa sababu hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: moja ikaendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 walipokewa Kazeh na tajiri mmoja aliyeitwa Snay bin Amir, na ni kutoka hapa ndipo Speke alipoondoka mwaka uliofuata hadi akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza.

Mara nyingine ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya Kijerumani iliposukumwa kutoka pwani ilihamishia makao yake Tabora, na mwaka 1916, katika karakana ya reli, ikafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia mjini, na enzi hiyo fupi ikakoma. Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba mji huu tulivu wa miembe uliwahi kufua fedha yake wenyewe.

Nimefika Itetemia, kwenye makao ya ukoo wa watemi wa Unyanyembe, lakini sioni jumba la kifalme. Ikulu yenyewe iko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na anayelielewa jibu lake huwa amekwisha kuielewa nusu ya ziara yake.

Mgeni aliyezoea kusikia habari za majumba ya wafalme huja akitazamia kuta za mawe, minara, ngazi na kumbi za dhahabu. Ikulu ya Mnyamwezi haikujengwa hivyo. Ilijengwa kwa miti iliyosimamishwa ardhini, ikasilibwa udongo, na paa lake la bapa likawa la magogo yaliyofunikwa udongo ulioshindiliwa. Nyumba ya namna hiyo, yenye umbo la mraba unaozunguka ua wa ndani, ndiyo tunayoiita tembe. Kulizunguka eneo lote kulikuwa na boma la magogo, na mara nyingi uzio wa minyaa iliyopandwa kwa kusongamana hata mtu asiweze kupenya. Ndani ya ua huo waliishi wake wa mtemi, watumishi, walinzi, wanyampara na wageni wenye shauri, kwa hiyo ikulu ilikuwa kijiji kizima wala haikuwa nyumba moja.

Ujenzi wa udongo unataka mkono wa mwenyewe kila mwaka. Mvua za masika zikipita bila paa kushindiliwa upya, na mchwa wakiachiwa miti, tembe kubwa hurudi ardhini katika muda mfupi kuliko umri wa mtoto aliyezaliwa ndani yake. Tena, ilikuwa desturi katika nchi hii kwamba mtemi mpya aweza kujenga makao mapya badala ya kuhamia katika nyumba za mtangulizi wake. Ikulu ilifuata mtu, haikumngoja mahali. Ndiyo maana katika eneo la Unyanyembe kuna mahali kadhaa panapotajwa na wazee kuwa palikuwa ikulu, kila pahali kwa enzi yake, na hakuna hata pamoja penye kuta za zamani hizo zilizosimama.

Basi unachokiona Itetemia ni nini? Unaona makao ya ukoo wa Fundikira, ambao ndio ukoo wa watemi wa Unyanyembe, unaona makaburi, unaona miti mikubwa ambayo hakuna mtu anayethubutu kuikata, na ukibahatika kupata mzee wa kukueleza, unaona yaliyobaki kwa masikio. Ninawaomba wageni wote watenge muda wa kuketi. Mtu anayefika, akapiga picha tatu na kugeuza pikipiki, hurudi mjini akisema hakukuwa na kitu, na kwa jinsi alivyotazama, kweli kwake hakikuwapo.

Je, neno "ikulu" lina uhusiano na Ikulu ya Rais?

Ni neno lilelile. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makao ya mtemi, na shina lake ni lile la ukubwa. Ukisoma maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 utakuta jina "Kwikuru" limeandikwa kana kwamba ni jina la mji, ilhali maana yake ni "kwenye ikulu" tu: msafiri aliuliza mtemi anakaa wapi, akajibiwa, akaandika alichosikia. Taifa lilipohitaji neno la Kiswahili kwa makao ya mkuu wa nchi, lilichukua la huku bara. Ndivyo pia neno "mnyampara", ambalo leo wengi hulijua kwa maana ya msimamizi wa vibarua, lilivyotoka huku likimaanisha mzee wa shauri au kiongozi wa msafara. Kila mara redio inapotangaza habari kutoka Ikulu, inatamka neno la Wanyamwezi, na ninaona ni haki ya kila mtoto wa Tabora kulijua hilo.

Watemi wa Unyanyembe ni akina nani ambao napaswa kuwafahamu kabla ya kuja?

Wapo wengi, lakini majina matano yatakusaidia kufuata simulizi. Fundikira wa kwanza ndiye aliyekuwa mtemi wakati Burton na Speke walipofika, na alifariki mwaka 1858. Akafuata Mnywa Sele, ambaye alitaka wafanyabiashara wa Kazeh walipe kodi kwa bidhaa zao kama ilivyokuwa haki ya mwenye nchi; wao wakakataa, wakamwondoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa mahali pake mwaka 1860. Mnywa Sele aliendelea kupigana porini kwa miaka mitano, hadi alipouawa mwaka 1865. Ninawasihi waongozaji wenzangu wasiiruke habari hii kwa sababu ni ya aibu kwa baadhi ya mababu zetu, maana bila hiyo mgeni hawezi kuelewa kwa nini Mirambo, mtemi wa Uyowa, alipopigana na Waarabu wa Tabora alipata watu wengi wa kumfuata.

Mkasiwa alitawala hadi 1876, kisha akaja Isike, ambaye habari zake zina swali lake hapa chini. Wa tano ni Abdallah Said Fundikira, mtemi wa mwisho aliyekuwa na mamlaka ya kiserikali, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Sheria katika baraza la Mwalimu Nyerere. Mamlaka ya kiserikali ya machifu yalifutwa nchini mwaka 1963. Heshima ya ukoo haikufutwa, na hilo utaliona mara tu utakapofika.

Nifuate utaratibu gani ili nikaribishwe Itetemia?

Anza kwa kutoa taarifa, angalau siku moja kabla, kupitia kwa mwenyeji anayefahamika au kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Hapa si makumbusho yenye lango na saa za kufunga. Ni nyumbani kwa watu, na watu huwa na misiba, mavuno na safari. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliwahi kuwapeleka watu wanane bila kutuma salamu, tukakuta wazee wote wamekwenda kuzika, tukarudi tulivyokwenda. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijalirudia.

Ukifika, usiingie moja kwa moja. Simama nje ya ua, piga hodi, ngoja uitikiwe. Salimia wakubwa kwanza kwa "shikamoo", na ukiweza kuongeza salamu ya Kinyamwezi, "mwangaluka" wakati wa asubuhi au "mwadila" jua likishapinduka, utaona nyuso zinavyokunjuka. Zamani mtu aliyeingia mbele ya mtemi alipiga magoti na kupiga makofi polepole. Leo hakuna anayemlazimisha mgeni kufanya hivyo, ila mwenyeji akifanya, wewe inama kidogo na unyamaze hadi amalize. Mwite mzee "babu" au "mzee", mama wa makamo "mama", na usimwite mtu yeyote kwa jina lake tupu kama mlivyozoeana mitandaoni.

Mavazi yawe ya staha kwa wanaume na wanawake: nguo iliyofunika mabega na magoti yatosha, na kina mama huwa salama zaidi wakiwa na kanga au kitenge cha kujifunga. Kwenye makaburi, fuata afanyacho mwenyeji wako. Usikae juu ya kaburi, usichume jani, usiokote kigae wala ushanga hata ukiuona umelala njiani, maana mahali hapa hufanyika tambiko na kila kitu kilichopo kina mwenyewe. Picha huombwa, tena huombwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mahali, mara ya pili kwa mtu.

Kuhusu zawadi, wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Hakuna bei iliyowekwa, na asikutajie mtu bei kwa niaba ya ukoo. Sukari, majani ya chai, sabuni au kitenge ni zawadi inayopokelewa vizuri, na ikiwa ni fedha, mkabidhi mzee mwenyewe kwa mikono miwili mbele ya wengine, usimpe kijana pembeni.

Alama za mtemi zilikuwa zipi, na je, nitaziona?

Mtemi alijulikana kwa kibangwa, yaani kipande cha mviringo cha kombe la baharini kilichovaliwa shingoni au kwenye paji la uso, kitu cha thamani kubwa kwa sababu kilisafiri kutoka pwani. Ngozi ya simba ilikuwa yake, na katika kila tembo aliyeuawa katika nchi yake, jino moja lilikuwa haki ya mtemi. Ngoma za enzi zilipigwa kwa nyakati maalumu tu. Vitu vya namna hii si maonyesho. Ukoo ukiamua kumwonyesha mgeni, ashukuru. Ukinyamaza, asiulize mara ya pili.

Tembe ya Kwihara ina nini, na inahusiana vipi na Livingstone?

Kwihara ipo kusini magharibi ya mji, kilomita chache tu kutoka katikati, na ndipo mahali rahisi zaidi kwa mgeni kuelewa umbo la tembe. Nyumba unayoiona leo imejengwa upya kwa mtindo wa ile ya zamani: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua, na mlango wa mbao wenye nakshi za Kiswahili ambao peke yake unastahili nusu saa ya kuutazama. Ndani kuna nakala za barua, picha na maandishi yanayohusu wasafiri waliokaa hapo. Ingia polepole, kwa kuwa macho huchukua muda kuzoea giza la vyumba, na uweke kiganja ukutani mchana wa Oktoba ili uhisi kwa nini wazee walijenga kwa udongo badala ya bati.

Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, na alikaa Kwihara. Alijiingiza katika vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, upande wake ukashindwa vibaya, na Agosti mwaka huo Mirambo akaishambulia Tabora na kuichoma moto. Kutoka Kwihara Stanley aliuona moshi. Akaamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki, akangoja shambulio ambalo halikufika. Septemba akaondoka kwa njia ya kusini kumkwepa Mirambo, akamkuta Livingstone Ujiji, na Februari 1872 wote wawili wakarudi Kwihara pamoja. Stanley aliondoka kwenda pwani katikati ya Machi. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia, akawasubiri hadi tarehe 25 Agosti 1872 alipoanza safari yake ya mwisho.

Sehemu ninayoithamini zaidi katika habari ya Kwihara ni ile inayokuja baadaye, na ambayo vibao vingi huipa mstari mmoja. Livingstone alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi, watumishi wake, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani, na Oktoba mwaka huo wakafika Unyanyembe. Hapo walimkuta msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapahapa. Walikataa. Walisema watamfikisha kwao, wakambeba hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwongozaji wako akimaliza kusimulia bila kuwataja Chuma na Susi, mwulize.

Isike alifariki wapi, na je, pana mnara?

Isike alirithi utemi mwaka 1876 na alijenga ikulu iliyokuwa ngome kweli, yenye kuta nene na boma imara karibu na Tabora. Wajerumani walipopandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, yeye hakukubali kuwa mtu wa kupokea amri. Mashambulizi kadhaa dhidi ya ngome yake yalishindwa mwaka 1892. Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kiliingia ndani baada ya mapigano makali, na Isike, alipoona kwamba boma limevunjwa, aliingia katika ghala la baruti na kulilipua akiwa ndani ili asikamatwe akiwa hai. Baada yake Wajerumani walimsimika mwanamke, Nyaso, kuwa mtemi.

Kwa macho, mahali hapo panaonyesha machache. Ninapowapeleka wageni, huwaomba wasimame kimya kwa dakika chache kabla sijaanza kusimulia, kwa kuwa hawakufa askari peke yao mle ndani. Baadhi ya wasomaji wameniandikia kwamba habari hii inawahuzunisha watoto. Nami huwajibu kwamba mtoto wa Tabora aliyefikisha umri wa kujifunza habari za Mkwawa shuleni ana umri wa kutosha kumjua Isike.

Ninaweza kupiga picha Boma la Kijerumani?

Hapana. Boma hilo liko katika eneo la kijeshi. Litazame ukiwa barabarani, bila kamera wala simu mkononi, na uendelee na safari yako. Kwa picha za majengo ya enzi hiyo, stesheni ya reli, yenye paa lake la mgongo mrefu, ni nzuri zaidi, ila hata hapo omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Je, inawezekana kufika kwenye makao ya Mirambo kwa siku moja na kurudi?

Inawezekana ukiondoka alfajiri. Urambo ipo takriban kilomita 90 magharibi ya Tabora, na kutoka hapo utahitaji mwenyeji na usafiri wa kukufikisha Iselamagazi, ambako Mirambo alijenga makao yake makuu.

Mirambo alianza akiwa mtemi mdogo wa Uyowa, na kwa jeshi lake la rugaruga akaunganisha temi nyingi za magharibi hadi njia ya Ujiji ikawa haipitiki bila radhi yake. Stanley, ambaye mwaka 1871 alimpiga vita, alikutana naye uso kwa uso mwaka 1876, akakuta mtu mpole wa maneno na mwenye adabu, wakachanjiana undugu wa damu. Wamisionari wa London walipofika walipewa mahali pa kukaa na kufanya kazi ya tiba Urambo. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa maradhi ya koo, na dola lake halikudumu sana baada yake. Anayekwenda Iselamagazi na aende akijua kwamba pale pia ikulu ilikuwa ya udongo na miti. Pori la miombo limekwisha kurudi sehemu nyingi, na mbung'o ni wakali. Vaa nguo za mikono mirefu zenye rangi isiyo ya samawati wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta.

Njia ya misafara ilikuwa njia ya watumwa tu?

Ilikuwa njia ya watumwa na ya pembe za ndovu, na uchungu wake haupunguzwi na maneno mazuri. Lakini ni kosa kumwona kila mtu aliyebeba mzigo katika njia ile kuwa alikuwa mtumwa. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa hiari, waliolipwa kwa vitambaa, shanga na waya, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabika kuwa bado hajakomaa. Walijua kupatana ujira, walijua kugoma, na walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele ya msafara. Watu hawa ndio waliokibeba Kiswahili mgongoni pamoja na mizigo, na sababu mojawapo ya Tabora kuzungumza Kiswahili kizuri tangu zamani ni hiyo. Kwihara na Ujiji ni miongoni mwa vituo sita vya njia hiyo ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 katika orodha ya awali ya kuombewa hadhi ya Urithi wa Dunia. Vingine ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde.

Viingilio hulipwaje?

Mahali panaposimamiwa na serikali, kama Kwihara na makumbusho ya Ujiji, viwango vya raia na vya wageni wa nje hutofautiana, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Dai risiti. Kitambulisho cha taifa au cha shule kitakurahisishia mambo. Itetemia na Iselamagazi hakuna tiketi. Huko kuna adabu, iliyokwisha kuelezwa.

Ni majira gani mazuri, na nitembeaje mjini?

Juni hadi Oktoba ni kiangazi, barabara za vumbi hupitika, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutaka sweta. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo tope la njia za vijijini laweza kukuzuia, ingawa maembe ya mwisho wa mwaka ni faraja kubwa. Mjini bajaji na bodaboda zinatosha. Kwa Kwihara, mwenye nguvu aende kwa baiskeli, kwa kuwa nchi ni tambarare na kivuli cha miembe hakikosekani. Treni ya reli ya kati haipiti kila siku, kwa hiyo panga ziara yako kuifuata ratiba yake.

Usiondoke bila kuonja michembe na matobolwa, ambayo yote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vikiwa vibichi na matobolwa vikiwa vimechemshwa. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina la Tabora lenyewe limetokana na matobolwa. Asali ya miombo inauzwa sokoni. Chagua ile uliyoionja.

Ninaleta wanafunzi. Kuna mahali gani panapohusu historia ya uhuru?

Wapeleke kuiona Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora kwa kuandika barua ya maombi mapema. Wakati wa Waingereza ilisomesha watoto wa machifu, na Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Baadaye alirudi mjini kufundisha katika shule ya St. Mary's. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu na kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, uamuzi unaojulikana hadi leo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Wanafunzi waonyeshwe kamba inayounganisha mambo haya: shule iliyoanzishwa ili wana wa ikulu wawe watumishi wa mkoloni ndiyo iliyowalea waliomwondoa mkoloni, na baadaye wakaondoa hata mamlaka ya ikulu zenyewe.

Nina siku mbili zaidi. Niendelee hadi Kigoma?

Endelea, hasa kama umekwisha kuiona Kwihara, maana Ujiji ni nusu ya pili ya habari hiyohiyo. Kwa treni ni takriban kilomita 400. Ujiji yenyewe ipo kilomita chache kusini ya mji wa Kigoma, na penye kumbukumbu utakuta makumbusho na miembe iliyotokana na mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone. Stanley aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Kwa hesabu ya siku za Livingstone ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, kwa sababu maradhi na safari vilikuwa vimewachanganyia wote wawili kalenda.

Na ikiwa hamu yako ni ya ikulu hasa, usiishie ziwani. Waha walikuwa na watawala wao walioitwa bami, na huko Heru Juu, juu ya milima ya Kasulu, ndiko yalikokuwa makao ya mwami wa Heru. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala hadi kufutwa kwa mamlaka ya machifu. Njia inapanda, hewa ni baridi kuliko Kigoma mjini, na utaratibu wa kufika ni uleule wa Itetemia: tuma salamu mapema, piga hodi, salimia wakubwa kwanza, ukae usikilize.